Mume, mke na mafao ya Uingereza: fungu la mtu na fungu la nyumba

Kazi yangu ni kuwashauri watu kuhusu mafao ya serikali nchini Uingereza, na wengi wanaonijia ni wanandoa ambao mmoja wao amepata ulemavu baada ya kiharusi, ajali au maradhi ya muda mrefu. Karibu wote huanza na swali moja: ikiwa mume bado yuko kazini, je, mke atapata chochote? Swali hilo halijibiki kwa neno moja, kwa kuwa ndani yake mmechanganyika mafungu mawili, fungu la mtu na fungu la nyumba, na kila moja lina masharti yake.

Fungu la mtu ni Personal Independence Payment, maarufu kama PIP, ambayo ilianza 2013 kuchukua nafasi ya posho ya zamani ya ulemavu kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Scotland sasa wana posho yao inayofanana nayo. PIP ni haki ya mwenye ulemavu mwenyewe. Mshahara wa mwenzake hauulizwi, akiba yao haiulizwi, na hata nyumba ikiomba Universal Credit, yaani fao la nyumba zenye kipato kidogo, fedha za PIP hazihesabiwi kuwa kipato. Kinachoangaliwa ni namna maradhi yanavyomzuia mtu kupika, kuoga, kuvaa, kutumia dawa, kuzungumza na watu au kutembea, mradi hali hiyo imedumu miezi 3 na inatarajiwa kuendelea kwa miezi 9 mingine. Majibu hupewa alama katika pande mbili, shughuli za kila siku na kutembea: kwa kila upande, 8 hutoa kiwango cha kawaida, 12 hutoa kiwango cha juu.

Hapa ndipo adabu ya lugha yetu inapotuponza. Mswahili akiulizwa hali hujibu "sijambo" hata akiwa hoi kitandani, na mgonjwa wa mwaka wa tatu husema "nashukuru Mungu, naendelea vizuri." Niliwahi kusoma ripoti ya tathmini ya PIP ya mama mmoja ambaye salamu yake ilitafsiriwa neno kwa neno, ikaandikwa kwamba mhusika mwenyewe amesema ni mzima. Alipoulizwa kama anaweza kupika alijibu "naweza", maana aliona haya kusema mbele ya mumewe kwamba jiko limemshinda. Lakini sheria haiishii kwenye kuweza. Inataka kujua kama mtu anaifanya shughuli hiyo kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila inapohitajika, na bila kutumia zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na ulemavu. Mtu anayeinua sufuria kwa mkono mmoja, akaunguza kiganja, kisha akashinda amelala kwa uchovu, huyo hawezi kupika, na hivyo ndivyo inavyopasa kuandikwa katika fomu.

Fungu la nyumba ni Universal Credit. Wanaoishi pamoja kama mume na mke, wawe na cheti cha ndoa au wasiwe nacho, huomba pamoja: kila mmoja hufungua akaunti yake mtandaoni, kisha akaunti hizo huunganishwa. Kikomo cha akiba ni pauni 16,000, kile kile kwa mtu mmoja na kwa wawili, jambo ambalo sijawahi kuliona kuwa la haki. Mshahara hupunguza malipo, lakini si pauni kwa pauni: mmoja akishathibitishwa kuwa uwezo wake wa kufanya kazi una mipaka, sehemu ya kwanza ya mshahara wa nyumba haiguswi, na katika kila pauni inayozidi hapo hukatwa peni 55. Mwenye ulemavu apeleke cheti cha daktari mapema, kwa sababu nyongeza ya afya, yaani fedha za ziada kwa mgonjwa asiyeweza kufanya kazi, kwa kawaida huanza baada ya miezi 3. Tangu Aprili 2026 waombaji wengi wapya hupewa nyongeza hiyo kwa karibu nusu ya kiwango cha waliowatangulia, na hata wote wawili wakiwa wagonjwa, nyongeza hiyo ni moja tu kwa nyumba.

Nyongeza inayosahaulika zaidi ni ile ya mtunzaji. Mke akipata PIP upande wa shughuli za kila siku, na mume akamhudumia kwa angalau saa 35 kwa wiki, mume ana haki ya nyongeza hiyo hata kama ana ajira na mshahara wake ni mzuri. Nikiwauliza wanaume ni saa ngapi wanazotumia, hushangaa: "Hiyo si kazi, huyo ni mke wangu." Basi tunahesabu pamoja kuamka usiku kumgeuza, kumwogesha alfajiri, dawa, chakula, kumpeleka hospitali, na mara nyingi saa 35 zinapitwa kabla hatujafika Ijumaa. Si lazima aombe posho tofauti ya watunzaji, Carer's Allowance. Akiipata, hukatwa yote kwenye Universal Credit. Lakini lazima atangaze kwenye akaunti yake kwamba anatunza mgonjwa, kwa maana hakuna atakayemtangazia.

Kwa wahamiaji kuna sharti jingine. Ikiwa viza ya mmoja inamkataza kupata fedha za umma, PIP nayo imo katika katazo hilo. Mwenzake mwenye haki huomba Universal Credit na kulipwa kiwango cha mtu mmoja, ilhali kipato na akiba ya yule mwingine vinahesabiwa. Kabla ya kuomba, muulizeni mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Ombi likikataliwa, mna mwezi 1 tangu tarehe iliyo kwenye barua kuomba uamuzi uangaliwe upya, na baada ya hapo kuna baraza la rufaa. Ombeni nakala ya ripoti ya tathmini siku hiyo hiyo, na mwenye ulemavu aisome, au asomewe, sentensi kwa sentensi.