Kura ya mbunge haifungwi na kura ya Rais

Kuanzia Newala hadi Kilwa, kusini mwa Tanzania, bado inasemwa kwamba ukimpa kura Rais wa chama hiki na mbunge wa chama kile, kura zako zimeharibika. Si kweli, na inauma kuona watu wakijinyima haki kwa hofu hiyo. Mpiga kura hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Kila moja huhesabiwa peke yake. Kinachoharibu kura ni kuweka alama ya vema (✓) kwa wagombea wawili kwenye karatasi moja, au kuandika jina lako. Vema moja, ndani ya kisanduku. Kunja, tumbukiza kwenye sanduku lake. Mgombea binafsi, hata hivyo, hutamkuta: Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mbunge apendekezwe na chama, na ya 71 humwondolea ubunge akikihama.