Umiliki wa kumbukumbu: nani afute, maktaba au programu?

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C ikihitaji nafasi ya kumbukumbu ya kuweka maandishi huiomba kwa malloc, na ikimaliza huirudisha, yaani huifuta, kwa free. Mambo huanza kuwa magumu pale nafasi inapoombwa na maktaba, yaani msimbo uliotayarishwa ili programu nyingine ziutumie, kisha anwani yake ikakabidhiwa msimbo ulioandikwa na mtu mwingine kabisa. Wajibu wa kuirudisha sasa ni wa nani? Hilo ndilo suala la umiliki wa kumbukumbu.

Asipoirudisha yeyote, kumbukumbu inavuja na programu inazidi kuvimba. Wakiirudisha wote wawili, data huharibika. Kosa la tatu halizungumzwi sana, nalo ni kuirudisha mara moja tu, lakini kwa mkono usio wake. Kila mgawaji wa kumbukumbu, yaani msimbo unaotoa na kupokea nafasi hizo, ana hesabu zake. Deni lililoandikwa kwenye daftari la duka la Juma halifutwi kwenye la Asha. Kwenye Windows hali hii ilizoeleka, kwa kuwa DLL (faili za maktaba za Windows) mbili zilizojengwa kwa matoleo tofauti ya Visual Studio, zana ya Microsoft ya kujengea programu, zilikuja kila moja na maktaba yake ya C, yenye malloc na free zake. Toleo la 2015 lilileta Universal CRT, maktaba ya C ya kutumiwa kwa pamoja, ila ukiiunganisha ndani ya kila DLL kwa chaguo la kompaila la /MT, tatizo linarudi palepale.

Ndiyo maana maktaba nyingi hutoa kifutio chao, yaani funksheni ya kurudisha nafasi waliyoitenga. Katika maktaba ya mtandao ya curl, ulichopewa na curl_easy_escape hurudishwa kwa curl_free, na orodha ya anwani za mtandao ya getaddrinfo hurudishwa kwa freeaddrinfo.

SQLite, maktaba ya hifadhidata, inafundisha zaidi, maana ndani yake majibu ni zaidi ya moja. Ujumbe wa kosa unaotoka kwa sqlite3_exec (funksheni ya kutekeleza amri) ni wako, na unaufuta kwa sqlite3_free. Maandishi ya sqlite3_column_text, yaani ya safuwima moja ya jibu, si yako: usiyafute, na yanakili mapema, kwani ukiita tena sqlite3_step ili kwenda kwenye safu inayofuata, anwani ile haiaminiki. Ukiwa wewe ndiye unayetoa maandishi, kwa sqlite3_bind_text, unatamka umiliki kwenye hoja ya tano, yaani thamani ya tano unayoipa funksheni hiyo: SQLITE_STATIC husema hayatabadilika wala kuondoka, SQLITE_TRANSIENT huiambia SQLite ijinakilie, au unaipa funksheni ya kuyafuta yakishatumika. Kwangu huu ni muundo wa kuigwa, kwa sababu jibu linaandikwa ndani ya msimbo wenyewe.

Wanaotumia lugha ya Python hudhani mzoa taka wake, yaani sehemu inayorudisha yenyewe kumbukumbu isiyotumika, atamaliza kazi yote. Kumbukumbu iliyotengwa na maktaba ya C haimhusu. Tena ctypes, moduli ya Python ya kuita maktaba za C, ina mtego: ukitangaza kuwa funksheni inarudisha c_char_p (anwani ya maandishi), unapewa baiti za Python na anwani ya asili inapotea, kwa hiyo huna tena cha kufuta. Tangaza c_void_p (anwani tupu), nakili maandishi, kisha ita kifutio cha maktaba. Lugha ya Rust nayo haina mzaha: maandishi yaliyotolewa nje kama anwani kwa CString::into_raw yarudi kwa CString::from_raw, kamwe si kwa free.

Kibaya ni kwamba aina ya data haikwambii kitu. strdup (hunakili maandishi) na getenv (husoma thamani ya mazingira ya programu) zote hurudisha char *, yaani anwani ya maandishi; ya kwanza ni lazima uifute, ya pili usiiguse. Tangu toleo la 11 la kompaila ya GCC, mwandishi wa maktaba anaweza kutaja kifutio kwenye tangazo la funksheni yake, na kompaila ikaonya ukitumia kingine.