Kwa nini duka la rehani halikupi dola 100 kwa kadi ya dola 100

Mtu akija kaunta na kadi ya zawadi ya dola 100, yaani kadi iliyotiwa hela za kununulia vitu katika duka fulani, aliyopewa sikukuu na haina kazi kwake, nikimtajia bei ananuna. Hela si zimo humo ndani? Zimo, sibishi. Mimi kazi yangu ni kununua vitu katika duka la rehani hapa Marekani, yaani duka linalokopesha hela kwa dhamana ya vitu na kununua vitu vya watu. Napokea saa, magitaa, drili na mikufu, na hakuna kinachonitia wasiwasi kama hicho kipande cha plastiki.

Sababu ni hii. Ukiniuzia mkufu, naufungia kwenye sefu na basi, huwezi kuuvaa tena. Ukiniuzia kadi, mimi nabaki na plastiki, lakini namba zake unaweza kuondoka nazo kwenye picha uliyopiga kwa simu. Jioni unaingia kwenye tovuti ya duka, unanunua viatu kwa namba zile zile, nami kesho namuuzia mtu kadi tupu. Sisemi wewe ni mwizi. Ila sikujui, na bei ninayokupa imebeba hasara ya wale waliokwisha nifanyia hivyo. Ndiyo maana pia siipokei kadi kama dhamana ya mkopo, ingawa wengi huuliza. Nainunua moja kwa moja au naiacha.

Chukua hesabu ya mfano tu. Hakuna atakayenipa 100 kwa kadi ya 100 wakati dukani anapata mpya kwa hela hiyo hiyo, kwa hiyo tuseme namuuzia kwa 88. Kwenye 88 hiyo mna pango, mishahara, na ile kadi moja itakayokuja kugundulika imekaushwa, hela zote zimeshatumika. Nikikupa 60 sijakuonea. Ukipewa 35 kwa kadi ya Walmart au Target, irudishe mfukoni uende zako, maana kadi za maduka hayo hazikai kabatini. Ya mgahawa mmoja tu usio na matawi ni habari nyingine. Hiyo inaweza kulala hapa mpaka tuisahau.

Tunaangalia pia afya ya duka lenyewe, jambo ambalo wauzaji wengi hawalifikirii kabisa. Kadi ni deni ambalo duka linadaiwa na aliyeishika. Sharper Image ilipotangaza kufilisika mwaka 2008 ilisimamisha kadi zake, halafu ikaja kuziruhusu kwa sharti kwamba mteja anunue vitu vya thamani mara mbili ya kadi. Bed Bath & Beyond ilikwenda mahakamani Aprili 2023, na Mei ikawa haipokei tena kadi. Kwa hiyo tukisikia duka fulani linayumba, tunaacha kununua kadi zake hata uje na ya dola 500. Na kama unayo kadi ya duka la namna hiyo, usihangaike kutafuta mnunuzi. Nenda kaitumie leo.

Sasa ukaguzi. Naigeuza kadi chini ya taa na kutazama ule utepe wa kijivu unaofunika namba ya siri. Uwe haujakwanguliwa, na usiwe umebandikwa upya. Napitisha ukucha ukingoni, na wa kubandika mara nyingi hunyanyuka kona. Kuna wezi wanaozichukua kadi kwenye rafu za maduka, wanakwangua, wananakili namba, wanaziba na kuzirudisha. Mteja akishalipia na kadi ikawashwa, wao wanaikausha kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo hata kadi ambayo hujaigusa inaweza kuwa haina kitu, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kufunga safari ya kuja kwetu.

Kisha napiga namba iliyo nyuma ya kadi, simu nikiiweka spika ili tusikie sote wawili. Sauti ya mashine inasoma salio: dola 97 na senti 12. Bei inaanzia hapo, hata kama mbele imechapwa 100.

Baada ya hapo nakuomba kitambulisho, na hapo ndipo wengine hukasirika. Majimbo mengi yanatutaka tuandike tulichonunua na kutoka kwa nani, na polisi wapate rekodi hizo. Kwenye kadi, sababu yake ni mchezo mmoja wa zamani: mtu anaiba drili dukani, anairudisha bila risiti, duka linamrudishia thamani yake kwa kadi badala ya keshi, naye anatuletea sisi. Tennessee mwaka 2017 ilitunga sheria ya kupambana na wizi wa madukani wa kupangwa, ikazigusa kadi hizi waziwazi. Ukija na kadi iliyotokana na kurudisha bidhaa, hata kama ni halali kabisa, usishangae nikiikataa.

Kadi za zawadi za Visa na Mastercard, ambazo hazifungwi na duka moja, maduka mengi ya rehani hayazitaki, na sioni kwa nini uziuze. Lipia nazo bili ya simu au mafuta ya gari, ile hela ya mshahara uliyokuwa umeitenga kwa kazi hiyo ibaki mkononi. Umeshapata keshi yako bila kukatwa. Ujanja huo huo unafaa kwa kadi ya duka: mtafute ndugu au jirani anayenunua mahitaji hapo kila wiki, akupe 95 kwa 100, na wote mmefaidi. Tovuti kama CardCash nazo hununua, ila utasubiri malipo.

Na kama hujabanwa, kwa nini uharakishe? Kwa sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika Agosti 2010, fedha zilizo kwenye kadi haziishi muda kabla ya miaka 5, na kadi haikatwi ada ya kutotumika mpaka ikae miezi 12 bila kuguswa. Salio dogo nalo lisitupwe. Majimbo kadhaa yanalilazimisha duka kulitoa taslimu ukidai, California ikiwemo, ambako kwa miaka mingi kiwango kilikuwa chini ya dola 10. Keshia anaweza asilijue hilo. Mwite meneja.

Anayebaki kwangu basi ni yule anayetaka keshi leo, kabla ya saa kumi na mbili jioni, na hilo linatokea. Kama ni wewe, pita kwenye maduka mawili matatu ya rehani kabla ya kukubali, maana bei zinapishana sana. Ukishauza, futa picha ya kadi kwenye simu yako, na usiondoke bila risiti yenye tarakimu nne za mwisho za kadi na salio lililosomwa pale kaunta. Salio likitoweka wiki ijayo, jina la kwanza nitakaloliona kwenye rekodi ni lako, na risiti hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulipotoka hela zilikuwemo.