Biti zimepungua, kazi iko palepale

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na kijana aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye karakana yetu hapa Dodoma: "Injinia, data ikibanwa ikabaki robo, si prosesa itaisoma kwa robo ya muda?" Hapana! Kila mwaka nalisikia, na kila mwaka naona saketi nzuri ikiharibika kwa sababu ya imani hiyo.

Nilichukua karatasi nikaandika *karanga*. Kwa baiti moja kila herufi, yaani biti nane (kila biti ni 0 au 1), ni biti 56. Kwa njia aliyoichapisha David Huffman mwaka 1952, herufi inayojirudia zaidi hupewa msimbo mfupi: a ni 0, k ni 100, r ni 101, n ni 110, g ni 111. Neno zima ni 100010101101110, biti 15. Hapo hatugombani.

Haya, lisome. Herufi ya tatu inaanzia wapi? Hujui mpaka uujue urefu wa ya pili, na ya pili huioni mpaka umalizane na ya kwanza. Ni foleni. Panga visomaji vinne kwenye mkondo huo mmoja, vitatu vitasubiri.

Prosesa haihitaji kusoma biti mojamoja. Inachungulia biti tatu kwa mkupuo na kuzifanya namba ya mstari kwenye jedwali la mistari minane. Mistari ya 000 hadi 011 yote inasema: a, songa biti 1. Iliyobaki, kila mmoja una herufi yake: songa biti 3. Lakini kusonga hakuanzi mpaka jedwali lijibu, na kuchungulia tena hakuanzi mpaka usonge. Biti zimeshuka kutoka 56 hadi 15. Herufi ni zilezile saba, na mzunguko huo unaufanya mara saba.

Jedwali nalo hukua. DEFLATE, njia ya kubana data iliyomo ndani ya gzip, programu ya kubana mafaili, inaruhusu msimbo wa hadi biti 15. Jedwali moja lingetaka mistari 32,768, ndiyo maana huwa tunaligawa.

Wapo wanaofumbua misimbo kuanzia kila nafasi ya biti kwa wakati mmoja, kisha wanatupa majibu yasiyofaa. Inafanya kazi, ila unailipia kwa transista na umeme. Zstandard, njia nyingine ya kubana data, hugawa mkondo wa herufi kuwa minne inayojitegemea, na mimi naona huo ndio uungwana.

Kubana kunalipa pale unaposubiri kitu cha polepole kuliko prosesa. Kifaa chetu cha kupima unyevu wa udongo kwenye shamba la zabibu hutuma tofauti tu kati ya kipimo na kilichotangulia. Mara nyingi tofauti ni sifuri, ambayo msimbo wake ni biti moja tu, na redio, ambayo ndiyo mla betri, inalala mapema. Kinachoninyima raha ni jedwali lake la misimbo: nililitengeneza kwa data ya kiangazi. Desemba mvua zikishika, sifuri zinaadimika na misimbo mirefu ndiyo inayotumika. Nibebe majedwali mawili kwenye kumbukumbu ile finyu, au nivumilie hadi Aprili? Nimeshabadili mawazo mara mbili.