Umepewa pampu ya insulini? Kalamu ya kuchoma insulini usiitupe

Tangu Aprili 2024, NHS, huduma ya afya ya serikali huku England, ilipoanza kuwatafuta wenye kisukari aina ya kwanza ili wawekwe kwenye pampu inayosomana na sensa (kile kidude cha kwenye ngozi kinachopima sukari muda wote), simu za kliniki yetu hazipumziki, na wanaopiga wengi ni ndugu zetu Waswahili, wa Mombasa, wa Zanzibar, wa Goma, wote. Malalamiko makubwa ni mawili. La kwanza mbona fulani kapewa na mimi bado, la pili nimepewa lakini sukari bado inaruka. Mimi ni nesi wa kisukari na yote mawili nayajibu hapa, ila hilo la pili ndo linanikosesha usingizi maana limeshafikisha watu wodini.

Habari ya kupewa ni fupi. Mwongozo ni wa NICE, taasisi inayoipa NHS miongozo ya matibabu, ulitoka Desemba 2023, na unasema mfumo huo, yaani pampu, sensa na programu inayopiga hesabu katikati yao, wanastahili watoto na vijana wenye aina ya kwanza, wajawazito wenye aina ya kwanza na wale wanaopanga kubeba mimba, na watu wazima ambao HbA1c yao, yaani wastani wa sukari wa miezi 2 au 3, ni 58 au zaidi (kwa kipimo cha zamani asilimia 7.5) au wanashuka sukari kiasi cha kuharibikiwa na maisha, pamoja na kwamba wanajitahidi na tayari wanatumia sensa au pampu ya kawaida. Kazi yenyewe imepangwa kwa miaka 5 kwa sababu kila mtu lazima afundishwe na wafundishaji ni wachache, kwa hiyo foleni ipo na itaendelea kuwepo. Mwenye aina ya pili mwongozo huu haumhusu hata kama anajichoma insulini kila siku, na kunipandishia sauti kwenye simu hakubadilishi hilo, mzee wangu, sio mimi niliyeuandika.

Alafu kuna maneno yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba unapasuliwa tumbo ndo inawekwa. Hapana. Pampu inakaa nje, mfukoni au kiunoni, ina mrija mwembamba unaoishia kwenye kanyula, kijibomba laini cha plastiki unachokiingiza mwenyewe chini ya ngozi na kukibadilisha kila baada ya siku 2 au 3. Nyingine hazina mrija, zinabandikwa kwenye ngozi moja kwa moja. Wengine wanasema ukivaa pampu umepona. Hujapona. Wengine wanasema unakula utakacho mashine itajua yenyewe. Haijui! Mashine inaona sukari ikishapanda tayari, sahani yako haiioni, wewe ndo unaiambia.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Ulipokuwa unajichoma ulikuwa na insulini mbili, ile ya muda mrefu na ile ya haraka ya chakula, na ile ya muda mrefu ilikuwa inakulinda usiku kucha hata mengine yakiharibika. Kwenye pampu ile ya muda mrefu haipo tena. Pampu inatumia insulini ya haraka peke yake, inaidondosha kidogo kidogo saa 24, na dozi ya chakula unaiamuru wewe. Maana yake mrija ukikunjika, kanyula ikichomoka umelala, betri ikifa, au umeivua ukaoge ukasahau kuirudisha, mwilini hamna akiba yoyote. Saa 3 au 4 tu zinatosha ketoni, ile asidi inayojaa kwenye damu insulini ikikosekana, kuanza kupanda, na ukilala nazo unaamka unatapika, tumbo linakata, unahema kwa nguvu, na kama umetoka nyumbani Afrika juzi kila mtu atasema ni malaria au ni chakula cha ndege. Kwa mwenye pampu kutapika ni ketoni mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa sababu hiyo hiyo hatutaki mtu akae bila pampu zaidi ya saa moja, iwe kuogelea, iwe hamamu, iwe harusi ambayo nguo haina mfuko.

Utaratibu wetu ni huu na nauomba ufuatwe kama ulivyo. Sukari ikivuka 14 (mmol/L) na hujui sababu, usibonyeze tu pampu ukarudi kulala. Pima ketoni za damu. Zikiwa chini ya 0.6, toa dozi ya kurekebisha kwa pampu, rudia kupima baada ya saa moja au mbili, na kama sukari haijashuka chukulia kwamba kanyula imeziba. Zikiwa 0.6 au zaidi, dozi ya kurekebisha ichomwe kwa kalamu, sio kwa pampu, kwa sababu pampu ndo mshukiwa wa kwanza na huwezi kumpa kazi mshukiwa, alafu badilisha seti nzima, mrija na kanyula, ngozi sehemu nyingine, insulini mpya, kunywa maji, pima tena. Zikivuka 1.5 tupigie muda huo huo, sio kesho. Zikifika 3, au unatapika na maji hayakai tumboni, ni hospitali ya dharura, piga 999, na usiendeshe gari mwenyewe. Na kitu ambacho wengi hawakijui: ukishachoma kwa kalamu mashine haina habari, itaendelea kukuongezea, kwa hiyo itoe kwanza kwenye hali ya kujiendesha kwa muda tuliokuandikia kwenye karatasi yako ya mafunzo.

Kwa hiyo kalamu mbili zinabaki, ya haraka iwe kwenye mkoba unaotoka nao na ya muda mrefu iwe kwenye friji, zote ziwe hazijaisha muda, na dozi zako za zamani ziandikwe mahali mtu mwingine wa nyumbani anaweza kuzisoma. Pampu ikifa Jumamosi usiku, kampuni inaweza kukuletea nyingine kesho yake, lakini usiku huo mwenyewe utaupitisha na nini? Kushuka sukari sitakueleza, unakujua, ila kwa mfumo unaojiendesha mara nyingi sukari ya haraka inatakiwa kidogo kuliko zile gramu 15 ulizozoea kwa sababu mashine imeshapunguza insulini kabla yako.

Chakula. Vitabu vya kuhesabu wanga vinavyogawiwa huku vimejaa mkate na viazi, watu wanakuja wananiambia ugali haumo basi wanakisia. Usikisie. Kwa ugali soma pakiti ya unga, nyingi huku zimeandikwa wanga kwa kila gramu 100, sembe nyingi zinakuwa kama gramu 75, pima unga mkavu kabla hujausonga, gawanya kwa idadi ya walaji. Wali mweupe ulioiva una wanga kama gramu 28 mpaka 30 kwa kila gramu 100, upakue juu ya mizani ya jikoni wiki mbili tatu na baada ya hapo jicho litazoea. Kama kipimo chako ni yuniti 1 kwa gramu 10, sahani ya wanga gramu 80 ni yuniti 8, na zitoe dakika 10 au 15 kabla ya kula, sio ukishanawa mikono. Biriani na vya nazi vina mafuta mengi, sukari inachelewa inakuja kupanda usiku, hapo tuulize tukuonyeshe dozi ya kutandaza, yaani inayotoka polepole kwa saa kadhaa, kama pampu yako inayo.

Ramadhani usijiamulie peke yako. Aina ya kwanza iko kwenye kundi la hatari na wapo ambao tutawaambia wazi wasifunge, lakini wapo wanaofunga salama kwa pampu kwa sababu ile insulini ya mchana inaweza kupunguzwa kwa saa unazotaka. Njoo wiki 6 mpaka 8 kabla. Kujichoma kidole kupima hakufunguzi, na ukishuka chini ya 3.9 au ukivuka 16.6 unafungua, saa yoyote ile, hata imebaki robo saa kwa adhana.

Safari ya nyumbani: chukua vifaa mara mbili ya siku zako, vyote mkononi, sio kwenye sanduku la chini kwa sababu insulini inaweza kuganda. Uwanjani pampu na sensa zisipite kwenye mashine ya eksirei wala skana ya mwili, omba upekuliwe kwa mkono, na ipo kadi ya vifaa vya matibabu ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya hapa, ichapishe uwe nayo. Ukifika badilisha saa ya pampu, na angalia sana asubuhi na jioni zisigeuzwe, sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri na pampu haihesabu hivyo, mtu akiweka saa mbili ya usiku kama 2 basi mpango mzima wa dozi unakwenda kombo. Insulini iliyopata joto zaidi ya nyuzi 37 itupwe, na kwa jua la Mombasa ile pampu juu ya taulo ufukweni inafika huko haraka. Mtungi wa udongo wenye maji unasaidia pasipo na friji.

Gari. Hapa ndo watu wanajiingiza pabaya. Anayetumia insulini, kwa pampu au kwa sindano, lazima aiarifu DVLA, ofisi ya leseni za udereva, mtandaoni au kwa fomu ya DIAB1. Usipoarifu faini ni mpaka pauni 1,000, na ukipata ajali unaweza kushtakiwa. "Lakini leseni watanichukua." Hawaichukui kwa kuwa na pampu, wanakupa ya mwaka 1, 2 au 3 na unaihuisha bure. Unapima sukari ndani ya saa 2 kabla ya kuondoka na kila saa 2 ukiwa njiani, sensa inakubalika kwa gari la kawaida lakini kipima cha kidole kiwepo garini. Ikiwa chini ya 5 kula kwanza, chini ya 4 usiendeshe. Ukishuka sukari njiani simama salama, zima, toa ufunguo, hama kiti cha dereva, kula, alafu subiri dakika 45 baada ya sukari kurudi sawa, sio dakika 10 kwa vile abiria analalamika. Ukishuka vibaya hadi kuhitaji kusaidiwa na mtu zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12 ukiwa macho, unaacha kuendesha na unawaarifu. Mabasi na malori masharti ni makali zaidi, na teksi uliza halmashauri yako kwa maandishi.

Mwisho ni dawa za bure. Kuwa na kisukari peke yake hakukufanyi utie alama kwenye kisanduku cha msamaha wa malipo famasi, unatakiwa kuwa na cheti. Fomu ya FP92A iko kwa jipii (GP) wako, yaani daktari wako wa mtaani, jaza, atie saini, cheti kinadumu miaka 5. Ukitia alama bila cheti hai utatozwa mpaka pauni 100 juu ya bei ya dawa, na usipolipa ndani ya siku 28 wanaongeza 50, na barua hizo zikishatumwa sisi kliniki hatuna uwezo wa kuzifuta.