Talaka nchini Uganda: kunoba si kuachika

Mwanamke akifungasha nguo zake na kurudi kwao, Waganda husema amenoba. Atakaa kwa wazazi wiki mbili, pengine miaka kumi, na majirani watahesabu kwamba ndoa ile imekwisha. Kisheria bado ipo. Talaka ni kuvunjwa kwa ndoa na yule mwenye mamlaka ya kuivunja, na mpaka hilo litendeke, aliyenoba bado ni mke wa mtu na aliyeachwa nyumbani bado ni mume wa mtu.

Mwenye mamlaka ni nani, inategemea mlioana vipi. Ndoa ya kanisani na ile ya msajili huvunjwa na mahakama tu. Mchungaji aliyewafungisha hawezi kuivunja, wala kikao cha ukoo, wala mwenyekiti wa LC, yaani baraza la serikali ya mtaa, hata wote wakitia sahihi. Nalisisitiza hili kwa sababu wako watu wanaotunza karatasi ya namna hiyo sandukuni wakiamini ni talaka. Mahakama ikiridhika na madai, hutoa kwanza amri ya muda, kisha ya mwisho baada ya miezi isiyopungua sita. Kufunga ndoa nyingine kabla ya amri ya mwisho ni kosa la jinai.

Kwa Waislamu kuna talaka ya mume, ikifuatwa na eda, na kuna khului, ambapo mke hujikomboa, kwa kawaida kwa kurudisha mahari. Ndoa ya kimila huvunjwa na wazee wa pande mbili, na hapo ndipo wanawake wengi walikwama: ng'ombe wa mahari wasiporudishwa, binti hakuhesabiwa kuwa huru, na baba aliyekwisha kuwauza alimsihi mwanawe arudi akavumilie. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kudai mahari irudishwe ili ndoa ivunjike ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku.

Sababu za kuomba talaka mahakamani ni kama uzinzi, ukatili, au kutelekezwa kwa miaka miwili. Zamani mume alitosheka na kuthibitisha uzinzi peke yake, ilhali mke alitakiwa auambatanishe na kosa jingine. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba iliondoa upendeleo huo, baada ya FIDA, chama cha wanasheria wanawake, kufungua shauri. Mali nayo haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja; mahakama hutazama mchango wa kila mmoja. Kupika, kulea na kulima shamba ni mchango, na anayedai asione haya kuutaja.

Waliokaa pamoja bila ndoa yoyote hawana cha kutalikiana, hata wakiwa na miaka ishirini chini ya paa moja. Watoto wao, hata hivyo, wana haki zilezile.

Kuhusu watoto, mila nyingi husema mtoto ni wa ukoo wa baba. Sheria ya Watoto huanza kwingine: huuliza maslahi ya mtoto yako wapi, na husikiliza matakwa yake kulingana na umri na uelewa wake. Mzazi asiyekaa naye bado anawajibika kwa karo, chakula na matibabu. Talaka humtenga mume na mke. Haimwondolei mtu ubaba wala umama.

Kinachomuumiza mtoto zaidi, kwa nionavyo, ni kunyamaziwa. Anaamka, mama hayupo, na kila anayemuuliza anambadilishia mazungumzo. Mwisho anajilaumu mwenyewe. Aambiwe mapema, na ikiwezekana na wazazi wote wawili: utalala wapi, shule ni ileile au nyingine, utamwona baba siku gani. Asitumwe kudai pesa za matumizi, wala asiulizwe nani alikuja kumtembelea mama. Jajja na ssenga waendelee kuwa wake, kwani bibi na shangazi hawakuachana na mtu.

Wazazi wakishindwa kuelewana juu ya malezi, kila wilaya ina afisa wa ustawi wa jamii, na polisi wana kitengo cha familia na watoto. Unaweza kwenda huko hata kabla kesi ya talaka haijafunguliwa.