"Hella" si "sana" tu

Wiki tatu zilizopita nilipeleka manukuu, yaani tafsiri inayosomwa chini ya picha, ya filamu moja ya vijana wa Oakland, California, nikiwa nimejiamini. Mhariri akayarudisha na mstari mmoja: "Mbona watoto hawa wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari?" Nikapekua, nikakuta alichokiona. Kila waliposema "hella", na walilisema karibu kila wakifungua mdomo, mimi niliandika "sana". Kamusi ingenitetea. Sikio lilinisuta.

Neno hili la Kiingereza cha mitaani lina kwao, na kwao ni kaskazini mwa California, hasa miji inayoizunguka Ghuba ya San Francisco. Mwanaisimu Mary Bucholtz na wenzake wa chuo kikuu cha Santa Barbara waliwapa wanafunzi ramani ya jimbo hilo wakawaomba waandike watu wa kila sehemu huongeaje. "Hella" lilijitokeza wazi kama alama ya watu wa kaskazini. Utafiti ulichapishwa mwaka 2007. Kwa hiyo mhusika anayelalamikia baridi kwa neno hilo ametutajia na mtaa wake. Angekuwa wa Boston angesema "wicked", wa New York "mad", wa Manchester au Liverpool "dead". Kijana wa London akitaka kusema watu walikuwa wengi angesema "bare". Maneno haya ni ndugu, lakini mwekee mtoto wa Oakland "wicked" mdomoni na kila Mmarekani atajua umekosea.

Asili yake inayotajwa na wengi ni "hell of a", yaani jehanamu imo humo ndani, ingawa imeshapoa. Watoto wanaokatazwa kulitaja nyumbani husema "hecka". Na lisidharauliwe: mwaka 2010 mwanafunzi wa fizikia wa chuo kikuu cha Davis, Austin Sendek, alianzisha ombi kwamba "hella" liwe kiambishi rasmi cha vipimo, kama "kilo" ya kilogramu, ila hiki cha namba 1 yenye sifuri 27. Google wakaliingiza kwenye kikokotoo chao. Kwa hesabu hiyo Dunia yetu ina uzito wa kama hellagramu 6. Wakubwa wa vipimo walipokutana mwaka 2022, namba hiyo waliichagulia "ronna". Mimi bado nasikitika.

Sasa shida yenyewe. "Sana" letu hukaa nyuma ya neno na kazi yake ni kuongeza kiwango. "Hella" hukaa mbele, na hubeba karibu chochote: kivumishi, nomino, hata kitenzi. "It's hella cold" haina taabu: "baridi kali balaa", na kwa kijana wa Nairobi ningeandika "baridi mbaya". "Hella people came" hapo "sana" limeshakwama, maana hatusemi "watu sana". Tunasema "watu kibao", au "nyomi" kama ni mtoto wa Dar. Halafu ikaja "I hella forgot". Niliandika, naona aibu kusema, "nilisahau sana". Kusahau jambo moja hakuna kidogo wala sana. Umesahau au hukusahau. Kinachotakiwa hapo ni ukamilifu, yaani "kabisa", au kwa lugha ya kijiweni, "nimesahau mazima". Na likikanushwa, "it's not hella far", neno zima linayeyuka na kubaki "si mbali hivyo".

Kuna utajiri mwingine ambao Kiingereza hakinao kwa wingi huu. "Hella" ni ufunguo mmoja wa milango yote. Sisi kila mlango una ufunguo wake. Giza ni totoro, nguo imelowa chapachapa, ukumbi umejaa pomoni, mtu amelala fofofo, shuka ni jeupe pe, aliyechoka amechoka hoi bin taabani. Walimu wa sarufi huviita vielezi viigizi. Ukiandika "giza sana" mahali palipostahili "giza totoro" hujakosea, ila umempa msomaji chai isiyo na sukari. Nafasi nayo inabana: mstari wa manukuu kwa kawaida hauvuki herufi 42 hivi, kwa hiyo "pe" ni zawadi.

Nilichokifurahia zaidi ni kwamba mitaa yetu na mitaa yao imechota kisima kimoja. Kiingereza cha heshima kilianza na ukweli, kwani "very" lilitoka kwenye neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya kweli, kama sisi tunavyosema "kweli kweli". Lakini neno la ukweli huchuja haraka, ndipo watu wanakimbilia vitisho: "terribly", "awfully", jehanamu. Sisi tuna balaa, hatari, noma, "mbaya" ya Nairobi, na "kichizi", ambamo wazimu umegeuka sifa. Ila heshima ipimwe. Mhusika mmoja anasifu chakula mbele ya bibi yake, na kwa Kiingereza "hella" linapita bila bibi kuinua macho. Kwa Kiswahili, mjukuu hawezi kumwambia bibi "kitamu kinoma" akabaki salama. Pale nilirudisha "kitamu mno, bibi", nikaufuta ujana wa sekunde mbili kwa makusudi.

Mstari ulionisumbua hadi usiku wa mwisho ulikuwa mfupi. Wako ndani ya gari, wametoka kugombana, msichana anamwambia mvulana: "You're hella quiet." Niliandika "umekaa kimya sana", nikafuta. "Kimya jii" ni tamu, lakini hiyo ni sauti ya msimulizi anayeeleza usiku wa kijijini, haitoki kwa binti wa miaka 17. Hatimaye nikaandika "Mbona kimya hivyo?" Mhariri hakuugusa.